Omu ya Kupakatwa

Mkoba ule niliushona kwa hasira. Mke wangu alikuwa amerudi kutoka safari ya ng'ambo, na kifaa cha ofisi alikuwa amekifunga kwenye taulo langu la kuogea, taulo jipya kabisa, na alipolitoa lilikuwa linanuka mafuta ya mashine. Mimi ni fundi cherehani. Nikiona kitu kimefungwa ovyo ovyo mwili unanisisimka. Nikachukua turubai gumu, nikatia sponji pande zote, nikaweka mkanda wa begani wenye mshono mara mbili na mfuniko wa vifungo, kisha nikamtupia mezani.

"Chukua. Na taulo langu uliache."

Aliugeuzageuza. Akavuta mshono mmoja mmoja kwa vidole, maana mke wangu hakubali kitu kwa macho tu. Mwishowe akasema, "Fundi, hapa umejitahidi." Ukimjua, utaelewa kwamba hiyo ilikuwa sifa ya mwaka mzima.

Kazi yake ni kupima vipimo. Watu wakisikia hivyo hucheka, na mimi nilicheka pia wakati wa uchumba, tena mbele ya baba yake. Lakini hebu fikiri. Fundi umeme anapima nyaya kwa mita yake. Mita yenyewe nani anaipima? Inapelekwa kwa kina mke wangu. Huko kulikuwa na chumba kisicho na dirisha, na ndani yake beseni la mafuta yaliyotunzwa kwenye joto lisilopanda wala kushuka, na ndani ya mafuta zilikaa rezista chache, vikopo vya chuma vyenye waya uliosokotwa. Hizo ndizo zilikuwa omu ya nchi nzima. Omu ni kipimo cha ukinzani, yaani namna waya unavyoukatalia umeme usipite. Mita za viwandani, mashine za hospitalini, nyaya zinazouzwa madukani, vyote mwisho wake vilikuja kuulizwa kwenye beseni lile. Ndiyo maana wenzake walimwita Mama Omu, na jina likamfuata hadi sokoni.

Ubaya ni kwamba rezista nazo huzeeka. Zinasogea kidogo kidogo bila kuaga. Hata futi yangu ya kitambaa huvutika kwa kutumika, hadi naandika kiuno cha mteja kimepungua na mteja mwenyewe hajakonda hata chembe. Mimi nikigundua natupa futi, nanunua nyingine dukani. Nchi hainunui omu dukani. Kila baada ya muda ilibidi rezista moja ipelekwe ng'ambo, kwenye maabara kubwa, ikaambiwe ina thamani gani sasa, kisha irudishwe nyumbani kabla haijasahau.

Aliyeipeleka ni mke wangu, miaka nenda rudi. Haikuwekwa kwenye mizigo. Haikukaa hata kwenye kabati la juu ya kiti. Aliipakata mapajani safari nzima, kama mama aliyetoka kliniki, akakataa chakula kwa sababu trei ingeigusa. Mara moja nilimsindikiza uwanja wa ndege, nikashuhudia mwenyewe.

"Mama, hiki ni nini?" ofisa wa ukaguzi alimuuliza.

"Omu."

"Ya nani?"

"Ya nchi."

Ofisa akamkazia macho. "Lazima ipite kwenye mashine."

"Ipite, baba. Ila usiigongeshe."

"Ikigongwa inalipuka?"

"Hailipuki," mke wangu alisema. "Inakosea."

Nilitaka ardhi ipasuke nizame. Yeye wala hakujali. Na ajabu ni kwamba, pamoja na kuipakata kote huko, mara nyingine ilirudi imekosea. Mtikisiko mdogo wa gari, baridi ya ndani ya ndege, basi. Alikuwa akifika nyumbani, anaipima, anakaa kwenye kochi na viatu miguuni, ameshika tama. Sikupenda kumwona hivyo. Nilikuwa namwonea uchungu, na kwa kuwa sijui kubembeleza nilikuwa naulizia chakula.

Kisha akaja na habari za kaboni. Aliingia karakana kwangu mchana mmoja, akachukua penseli yangu ya kuchorea ruwaza, akaisugua kwenye karatasi hadi pakawa peusi.

"Unaona hii? Hii ni kaboni. Ni karatasi juu ya karatasi juu ya karatasi. Ukiichambua hadi ibaki moja tu, unene wake ni atomu moja. Inaitwa grafini."

"Na shati lake likivaliwa linaonekana?"

"Nyamaza nikueleze."

Alisema karatasi ile ukiiotesha juu ya kigae kidogo kuliko kifungo cha shati, ukaitia kwenye baridi kali kupita baridi yoyote ninayoweza kuifikiria, katikati ya sumaku yenye nguvu, ukinzani wake unapanda, unapanda, halafu unasimama. Unasimama kwenye namba moja, elfu kumi na mbili mia tisa na sita na ushee, na hapo haubanduki. Uwe hapa au ng'ambo, uwe leo au siku wajukuu zetu wanastaafu, namba ni ile ile.

"Nani ameipanga?"

"Hakuna aliyeipanga. Ndivyo dunia ilivyo. Hakuna wa kwenda kumuuliza."

"Kwa hiyo hutabeba tena mkoba."

"Sitabeba tena," alisema, na sauti ikamtetemeka kidogo. Mke wangu si mtu wa kutetemeka sauti. Nikajua amelipenda jambo hili kufa kupona.

Kulipata hakukuwa mchezo, na sitawachosha. Kulikuwa na tanuri lililounguza vigae vingi kabla ya kutoa kimoja cha maana. Kulikuwa na mtungi wa baridi, mkubwa, wenye mabomba kila upande, na mtu wake wa kuutunza, jitu la miraba minne lisilosema, ambalo mke wangu alilipa jina la Bwana Barafu. Kulikuwa pia na mkurugenzi. Si mtu mbaya, mkurugenzi, lakini alikuwa na watu juu yake nao walikuwa wanamuuliza. Siku moja alimwita mke wangu akampa habari kwa mkupuo: wataalamu wa ile maabara kubwa wangekuja mvua zikiisha, wakiwa na rezista yao, ipimwe kwa kigae chetu. Majibu yakikubaliana na yao, chumba ni cha Mama Omu na omu inakaa nyumbani. Yasipokubaliana, mtungi wa baridi unahamishiwa kwa wengine wenye kuuhitaji, na yeye anarudi kwenye mkoba hadi astaafu. Na kustaafu hakukuwa mbali.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alinieleza cha kuangalia: sumaku inapoongezwa nguvu, mstari kwenye skrini unapanda, halafu ukifika kwenye ile namba lazima unyooke kama pindo la suruali lililopigwa pasi. Ukinyooka, kigae ni kizima. Ukiinama, kigae kinasema uongo. Nyumbani tukawa na salamu yetu ya jioni. Kabla hajavua viatu nilikuwa nauliza, "Umenyooka?" Naye alikuwa anajibu, "Umenyooka," huku akicheka.

Halafu ukaanza kuinama.

Kidogo tu mwanzoni. Akabadilisha nyaya. Ukainama zaidi. Akamtuhumu Bwana Barafu, wakapekua mtungi kutwa nzima, baridi haikuwa na kosa. Akaituhumu sumaku. Akatuhumu umeme wa mtaani. Akachukua kigae kingine, pacha wa kile, nacho kikaanza vizuri na kikaharibika vile vile. Ikafika mahali nikawa siulizi tena. Alikuwa anaingia, ananitikisia kichwa, anapitiliza jikoni. Mvua zilikuwa zinaelekea ukingoni, na wageni walikwisha kata tiketi.

Katikati ya balaa hilo ndipo binti yetu alipojifungua, akaja kwetu na kichanga kupumzika. Mtoto wa kiume, mwenye kelele kuliko cherehani zangu zote. Mke wangu akachukua likizo fupi kwa shingo upande. Na kwa kuwa hakuwa na kigae cha kukihangaikia, alimhangaikia mjukuu. Kila baada ya muda mfupi alikuwa anasukuma mlango, anakunja blanketi, anamgusa shingo kuona kama ana joto, anamgusa nyayo, anafunika. Mtoto anaamka, analia, tunaanza upya.

Binti yetu alivumilia, alivumilia, akashindwa. Nilikuwa karakana, ukuta mmoja tu unatutenganisha, nikasikia kila neno.

"Mama, jamani! Baridi gani hiyo unayoitafuta? Kila ukimfunua kuangalia kama ana baridi, ndiyo unampa baridi!"

"Mimi nakuangalizia mtoto."

"Niangalizie ukiwa nje, mama. Nakuomba. Funga huo mlango."

Mlango ukafungwa. Mke wangu akatokea karakana, akakaa kwenye benchi la wateja na mikono ameikunja, mdomo ameuvuta. Nikaendelea kushona. Nimeoa muda mrefu wa kutosha kujua kwamba hapo husemi kitu.

"Nimeambiwa natesa mtoto," akasema.

"Hm."

"Mimi. Niliyemlea yeye."

"Hm."

"Hebu sema neno, mzee!"

"Ukimwacha, atalala," nikasema. "Hilo tu."

Alifungua kinywa anirarue, kisha hakunirarua. Alibaki ametazama miguu ya cherehani. Nikadhani amechukizwa. Nilimaliza kola nzima ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Kila asubuhi."

"Kila asubuhi nini?"

"Kila asubuhi huwa nakifungua."

Ikabidi niache kushona. Alinieleza akiwa amesimama, akizunguka zunguka katikati ya vitambaa vya watu. Zile rezista za mafuta, tangu akiwa mwanafunzi, sheria yake ilikuwa moja: asubuhi unafunua, unasoma kipimajoto, unaangalia, unafuta ncha za shaba kwa spiriti, unafunika. Usipofanya hivyo wewe si fundi. Yeye mwenyewe aliwafelisha watu wazima kwa kuruka asubuhi moja. Kwa hiyo kigae kilipokuja, alikifanyia vile vile. Alifungua kikasha chake, akakiangalia kwa lenzi, akafuta pini zake kwa spiriti, akafunga. Alijua kabisa kwamba grafini haipendi hewa, tena alikuwa amekipaka utando wa plastiki wa kukikinga, akauamini utando. Katika kuwatuhumu wote, mtungi, sumaku, Bwana Barafu wa watu, mkono wake mwenyewe haukumjia akilini, kwa sababu ule mkono ulikuwa ni utunzaji.

"Ile karatasi haina ndani, mzee. Yote ni ngozi. Unyevu wa mvua, mvuke wa spiriti, vyote vinaikalia. Na mimi naipepea kila siku kwa mikono yangu hii." Akaitazama mikono. "Ningekiacha tu!"

Nilidhani atalia. Akaanza kucheka, cheko la kujishika mbavu, hadi binti yetu akagonga ukuta kutukumbusha kwamba mtoto amelala. Tukazibana midomo, wazee wawili wazima.

Alikatisha likizo yake hapo hapo. Kwa maelezo yake, walikiweka kigae kwenye chombo kilichofyonzwa hewa yote, wakakipasha moto taratibu hadi uchafu wote ulioikalia ile karatasi ukaachia, kisha wakakifunga ndani ya kikasha kikavu kisichopitisha kitu. Juu ya kikasha akabandika karatasi aliyoiandika kwa herufi kubwa: USIFUNGUE. Chini yake akaongeza: HATA WEWE, MAMA OMU.

Kukifunga ilikuwa rahisi. Kuvumilia ndiyo ilikuwa shughuli. Mikono iliyozoea kufunua kitu kila asubuhi haiachi kwa kuambiwa. Alikuwa ananiambia ukweli, kwamba akiamka vidole vinamwasha. Basi nikampa vifungo. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alipita karakana, akashona vifungo vya mashati ya wateja. Alikuwa mshonaji wa ovyo, Mungu anisamehe, lakini nafasi kati ya kifungo na kifungo alizipima kwa rula ya chuma, na mteja mmoja hadi leo anasema shati lile ndilo lililomkaa sawa maishani mwake. Jioni alikaa kwenye kiti nje ya mlango wa mjukuu, mlango umefungwa, anasikiliza tu. Binti yetu alikuwa akitoka, anamkuta hapo, anambusu kichwani.

Siku ya wageni nilijipeleka ofisini kwao kwa kisingizio cha koti lake jeupe, nililokuwa nimelibadilisha kola. Sikuruhusiwa kuingia chumbani, kwa kuwa eti hata joto la mwili wangu ni kelele ya kuvuruga vipimo kule ndani. Nikasimama kwenye korido, nyuma ya kioo. Mgeni mkuu alikuwa mama mrefu mwenye mvi, amekaa kwenye kiti, na mapajani amepakata sanduku. Mtu wa maabara kubwa kuliko zote! Nilimtazama nikamhurumia.

Bwana Barafu akafungulia mabomba yake. Sumaku ikaanza kuongezwa. Kutoka pale niliposimama niliuona mstari, ukapanda, ukapanda. Halafu ukafika, ukanyooka. Haukuinama hata kwa bahati mbaya. Ukaendelea, umenyooka tu, hadi mwisho wa skrini.

Lakini hiyo ilikuwa nusu ya kazi. Bado rezista ya mgeni ilitakiwa kupimwa kwa kigae, na namba ilinganishwe na ile waliyoipata kwao. Hilo lilichukua siku kadhaa za kupima na kupima tena, na usingizi nyumbani kwetu ukawa wa kuibia. Siku ya kulinganisha nilirudi na kisingizio kingine, sikumbuki kipi. Mgeni alisoma namba yake. Mke wangu akasoma yake. Tofauti iliyokuwepo, kama alivyonifafanulia baadaye kwa lugha ya kwangu, ni sawa na mimi kukosea kwa unene wa nywele chache kwenye kitambaa kilichotandazwa kutoka karakana yangu hadi mji mwingine.

"Zinakubaliana," mgeni alisema.

Bwana Barafu alikaa chini sakafuni, puu. Mkurugenzi alimpa kila mtu mkono, na mimi nyuma ya kioo akanipungia. Mke wangu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua, akaifuta tena. Mimi nililia waziwazi, na sioni haya kulisema. Nilikuwa namkumbuka kwenye kochi, na viatu miguuni.

Mkoba aliurudisha nyumbani siku ile ile. Nikautundika kwenye msumari karakana, nikawa natia vipande vya kitambaa.

Ulikaa hapo hadi msimu uliofuata, ndipo akanipigia simu kutoka ofisini kwake. "Lete mkoba. Utoe takataka zako kwanza."

Nilimkuta kwenye chumba cha mapokezi na msichana mmoja, fundi wa vipimo kutoka nchi jirani, ambaye sasa alikuwa anakuja kwetu badala ya kuvuka bahari. Alikuwa ametoka safarini, macho mekundu. Chai aliyowekewa ilikuwa imepoa. Mapajani alikuwa amepakata kitu kilichofungwa kwenye taulo la kuogea.

Mkurugenzi alikuwa anamwambia kwa upole akiweke mezani, na msichana alikuwa anaitikia ndiyo, ndiyo, bila kukiachia. Mke wangu alimtoa mkurugenzi kwa jicho moja. Akachutama mbele ya msichana, na magoti yake si ya kuchutama siku hizi.

"Hukula njiani," alimwambia.

"Sikuweza, mama. Ile trei..."

"Najua. Kaa nayo. Mikono ikichoka utanipa mwenyewe."

Tukasubiri. Sijui kama kuna mtu amewahi kusubiriwa hivyo. Mwishowe msichana akanyanyua mikono yote miwili, akampa, na mke wangu akaipokea rezista ile na taulo lake kama alivyompokea mjukuu wetu siku ya kwanza. Hakuifunua.

Wiki ya kuondoka, aliifunga omu ya wale jirani zetu kwenye mkoba wangu, akafunga vifungo, akamvalisha msichana mkanda begani. Pembeni, kwenye mfuko mdogo nilioushona asubuhi ile ile kwa kuagizwa, akatia kikasha kisichozidi kiberiti.

"Hicho ni kigae kimojawapo cha kwetu. Mkurugenzi ametia sahihi, ni chenu. Mkipata mtungi wa baridi, mtaanza nacho. Kisifunguliwe."

"Hata kukiangalia kidogo tu, mama?"

"Hata kukiangalia."

Msichana akacheka, akaugusa mkoba. "Nitaurudisha mwakani nikija tena."

"Uje nao, haya," mke wangu alisema, akimkaza mkanda begani. "Ila usiuzoee."